Apu ya jozi za vigawo: namba fupi inapatia, namba ndefu inadanganya

Natoa nyota tatu kati ya tano, na nianze na zile tatu imezipataje kabla sijalalamika. Hii apu kazi yake ni moja tu, unaiandikia namba nzima, unabonyeza, inakupa jozi zote za vigawo vyake, yaani namba mbilimbili ambazo ukizizidisha unarudi palepale kwenye ile uliyoandika. Jina silitaji maana ziko nyingi za aina hii na nyingi zinaumwa ugonjwa uleule, kwaiyo we chukua hivi vipimo ukapimie ile uliyonayo.

Kipimo cha kwanza ni 36. Sio 12, sio 20, ni 36. Hii namba ina 6 × 6 ndani yake na hapo ndo programu zilizoandikwa harakaharaka zinajikwaa, nyingine inaiandika 6 × 6 mara mbili, nyingine inairuka, nyingine inakupa jozi zote sawa alafu inakwambia vigawo viko 10 kwa sababu imeona jozi 5 ikazidisha kwa 2 ikapita zake. Hii imepita safi kabisa: 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6, na chini imeandika jozi 5, vigawo 9. Nikaipa 144, nayo sawa, jozi 8 vigawo 15. Namba yoyote ambayo ni mraba wa namba nyingine lazima idadi ya vigawo vyake iwe witiri, wote wana wenzao isipokuwa mmoja aliyejioa mwenyewe, na apu ikijua hilo ujue aliyeitengeneza alikaa akawaza.

Kitu kingine nilichokipenda ni mpangilio. Haikumwagii vigawo kwenye mstari mmoja mrefu, inavipanga safu mbili, kushoto vidogo vinapanda, kulia vikubwa vinashuka, mpaka vinakaribiana. Ukiangalia 360 ndo utaona uzuri wake, 1 na 360, 2 na 180, 3 na 120, 4 na 90, 5 na 72, 6 na 60, 8 na 45, 9 na 40, 10 na 36, 12 na 30, 15 na 24, 18 na 20, basi, zimebaki namba mbili zinaangaliana na katikati yao hakuna kitu. Jicho lenyewe linaona kwamba kazi imeisha. Kwenye karatasi watu wengi wanakosa hapo, wanajua kugawa vizuri tu ila hawajui wasimamie wapi, kwaiyo wanaishia njiani au wanaendelea mpaka wanaanza kurudia jozi zilezile zimegeuzwa, 20 × 18, 24 × 15, wanadhani wamepata mpya.

Sasa cha ajabu, apu inakuonyesha hilo kwa macho lakini kwa maneno haisemi popote. Kuna kitufe cha "Onyesha hatua" na mimi nilikibonyeza kwa furaha nikijua hapa nitakuta maelezo. Nikaipa 84. Ikaanza, 84 ÷ 1 hakuna baki, 84 ÷ 2 hakuna baki, 84 ÷ 3 hakuna baki, ikaja 84 ÷ 5 baki 4, sawa, nikashusha chini, nikashusha, nikashusha, nikakuta iko kwenye 84 ÷ 47 baki 37 na bado inaenda. Inagawa kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 84 yenyewe! Jamani. Hata bila kujua hesabu nyingi, ukishavuka nusu ya namba, ambayo kwa 84 ni 42, hakuna kitakachogawa bila baki mpaka uifikie namba yenyewe. Na ukweli ni kwamba huhitaji hata kufika huko 42.

Inatakiwa iishie kwenye kipeuo cha pili. Kwa 84 unajiuliza ni namba gani ikijizidisha yenyewe inakaribia 84, 9 × 9 ni 81, 10 × 10 ni 100 imeshapita, kwaiyo unajaribu 1 mpaka 9 tu. Unapata 1 × 84, 2 × 42, 3 × 28, 4 × 21, 5 hapana, 6 × 14, 7 × 12, 8 hapana, 9 hapana, umemaliza, jozi 6. Kwanini usiendelee? Kwa sababu namba mbili zote zikiwa kubwa kuliko 9, yaani kuanzia 10 kwenda juu, zao lao halipungui 100, kwaiyo haziwezi kutoa 84. Kila jozi lazima mmoja wao awe 9 au chini yake, na hao wote umeshawajaribu. Hayo ni maelezo ya mistari mitatu, yangekaa vizuri tu juu ya jibu. Badala yake mtu anapewa mistari 84 ya kugawa, anajifunza kwamba kutafuta vigawo ni adhabu.

Na hata hizo namba 9 huzijaribu zote kwa jasho. Namba ikiwa witiri unafuta 2, 4, 6 na 8 kwa mpigo. Jumla ya tarakimu isipogawanyika kwa 3 unaaga 3, 6 na 9. Isipoishia na 0 wala 5 unasahau 5. Chukua 1001, kipeuo chake cha pili kiko kati ya 31 na 32, mtu anaona kazi kubwa, ila angalia, ni witiri, tarakimu zake jumla ni 2, mwisho ni 1, kwaiyo namba zote zinazogawanyika kwa 2, 3 au 5 zimeondoka, unaanza na 7 na inakubali palepale, 7 × 143, alafu 143 yenyewe ni 11 × 13, ukishakuwa na 7, 11 na 13 mkononi unapanga tu, 11 × 91, 13 × 77, na 1 × 1001 ya kuanzia. Jozi 4. Kwa mistari 1001 ya apu ungekuwa bado unashusha skrini. Mimi kitufe cha hatua nimekizima na nawashauri mkizime, hasa kama simu ni ya mtoto.

Tukiwa hapohapo kwenye 1001, kuna tatizo ambalo mwanzo nilidhani macho yangu. Ukiandika na mkato, 1,001, kama watu wengi wanavyoandika maelfu, apu inakata kila kitu kuanzia kwenye mkato na kubaki na 1. Haikwambii kitu. Inakuletea 1 × 1 na chini inaandika kwa rangi ya kijani "Hongera, 1 ni namba tasa". Makosa mawili kwa mpigo mmoja! Kwanza mimi sijaandika 1. Pili 1 sio namba tasa, namba tasa inatakiwa iwe na vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe, sasa 1 ina kigawo kimoja tu. Nadhani najua walipokosea, walihesabu jozi badala ya vigawo, wakasema yenye jozi moja ni tasa, na sheria hiyo inafanya kazi kwa 97, kwa 13, kwa 2, kwa namba zote isipokuwa hii 1. Nukta nayo vilevile, andika 7.5 inakupa jibu la 7 kwa uso mkavu.

Kwa upande wa tasa zenyewe haina shida. 97 imesema tasa, 91 haikudanganyika (91 inawaponza wengi, ina sura ya utasa lakini ni 7 × 13), 221 imeitoa 13 × 17. Ila tena kwenye hatua za 97 imeandika mistari 97, wakati ukitumia akili unajaribu 2, 3, 5 na 7 basi, maana 10 × 10 imeshavuka. Sifuri imeikataa, imesema weka namba kubwa kuliko 0, na hiyo ni sawa, sifuri ukizidisha na chochote ni sifuri, jozi zake hazina mwisho.

Haya sasa nije kwenye kitu kinachoifanya nisiifute. Pembeni ya jozi kuna safu ya tatu, imeandikwa "Jumla". Wengi hawaioni maana imefichwa kwenye mipangilio, unaiwasha mwenyewe. Inajumlisha kila jozi, kwaiyo 36 inakuja hivi, 37, 20, 15, 13, 12. Unaweza kusema ya nini hiyo, mpaka siku unakaa na hesabu ya x² + 13x + 36 unatakiwa uitoe kwenye mabano. Unatafuta namba mbili zao lake 36 jumla yake 13, unaangalia safu, 4 na 9, umemaliza, (x + 4)(x + 9). Hata zile zenye namba mbele ya x², mfano 6x² + 17x + 12, unazidisha 6 kwa 12 unapata 72, unaipa apu 72, unatafuta jumla 17, ni 8 na 9, unavunja 17x kuwa 8x + 9x unaendelea zako mpaka (2x + 3)(3x + 4). Mwanafunzi wa sekondari hii safu peke yake inatosha kumfanya aipakue. Na ukiwasha hasi inakuletea na jozi za hasi, ukiandika −12 inajua kwamba mmoja lazima awe hasi na mwingine chanya, kwaiyo kwa x² − x − 12 unaona −4 na 3 zina jumla −1 na umepata.

Na kuna kitu kizuri ukiiangalia ile safu kwa utulivu, jumla zinashuka tu, hazipandi kamwe, jozi inayokaribiana zaidi ndo yenye jumla ndogo kuliko zote. Ukiwa unapanga vigae 36 kwa umbo la mstatili, 6 kwa 6 ndo mzunguko mfupi, 1 kwa 36 ndo mrefu. Apu haisemi hili, mi nimeliona tu nikiwa nachezea namba.

Kuna pia kichupo cha vigawo tasa. 360 inaandika 2³ × 3² × 5, fupi na safi. Hapo unaweza kuihakiki apu yenyewe bila kuhesabu jozi moja moja, chukua vile vidogo vya juu, 3, 2 na 1, kila kimoja ongeza 1, unapata 4, 3 na 2, zidisha, 24, hiyo ndo idadi ya vigawo, nusu yake 12 ndo jozi. Imelingana. Nikaipa 5040, ile ambayo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliichagua kuwa idadi ya kaya za mji wake wa kufikirika kwa sababu inagawanyika kwa namba nyingi mno ikiwemo kila namba kutoka 1 mpaka 10, ikanipa vigawo 60, jozi 30. Sawa kabisa. Mwanahisabati wa India, Ramanujan, mwaka 1915 alitoa makala nzima kuhusu namba za aina hii, zinazozidi kwa vigawo kila namba iliyo chini yake, 12, 24, 36, 48, 60, 120, na kuendelea, 5040 imo. Ukitaka kuijaribu apu yoyote kwa jozi nyingi tumia hizo.

Sehemu ya mazoezi nimeiona ya kawaida. Inakupa 84 = 6 × ? unajaza 14. Kuna ile ya kuandika jozi zote mwenyewe, hiyo ni nzuri ila ina ukorofi mmoja, ukiandika 12 × 7 inakupiga nyekundu, inataka 7 × 12, ndogo itangulie. Mtoto amepata jibu sahihi anaambiwa amekosa, sijapenda. Matangazo yapo, yanakaa chini, hayakeri sana. Kunakili jibu ndo balaa, inakupa 1,36,2,18,3,12 yote kwenye mstari mmoja, ukibandika kwenye meseji anayesoma hajui nani anaenda na nani.

Nyota ya kwanza imepotea kwenye zile hatua, sasa nyota ya pili iliyopotea. Namba ndefu.

Apu haina kikomo cha tarakimu, unaandika mpaka uchoke. Hapo ndo nikaitega na 9007199254740993. Hii sio namba ya kubahatisha, ni 2 kwa kipeo cha 53 ukaongeza 1. Programu nyingi za kivinjari na za simu zinatunza namba kwa njia ambayo baada ya 2 kwa kipeo cha 53 haziwezi tena kushika kila namba nzima, zinaanza kuruka, kwaiyo hii 993 ya mwisho haipo kwenye kichwa chake, anaichukua ya jirani. Nikabonyeza. Jozi 27, ya kwanza baada ya 1 ikiwa 2 × 4503599627370496. Hebu angalia namba niliyoandika, inaishia na 3. Ni witiri. Witiri haigawanyiki kwa 2, hili mtoto mdogo analijua! Nikaangalia vizuri juu ya jibu nikakuta imeibadilisha namba yangu kuwa 9007199254740992, kwa maandishi madogo, bila onyo, bila samahani. Tarakimu za namba niliyoiandika jumla yake ni 78, kwaiyo inagawanyika kwa 3, na kweli ni 3 × 3002399751580331, jozi ambayo kwenye orodha yake haipo kabisa.

Hili kwangu ni kosa kubwa kuliko yote. Apu ikisema "namba hii siiwezi" nitaiheshimu, ila kujibu swali ambalo sijauliza alafu kwa kujiamini vile, hapana. Kama yako umeipata sasa hivi, iweke hiyo namba uone, ukipata 2 kwenye jibu ujue na wewe umo.

Nikasema nisiishie hapo, nikaipa 147573952589676412927. Hii ina historia yake, ni 2 kwa kipeo cha 67 ukatoa 1, mwanahisabati Mfaransa Lucas mwaka 1876 alithibitisha kwamba sio tasa lakini vigawo vyenyewe hakuvitoa, ikakaa hivyo mpaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akaonyesha kuwa ni 193707721 × 761838257287. Kuzidisha hizo mbili ni karatasi moja na uvumilivu, kuzipata ndo ilikuwa kazi. Apu ikageuza ile 2927 ya mwishoni kuwa 0000, ikaanza kuzungusha kile kiduara, simu ikapata joto, nikaifunga. Na hata kama ingeitunza namba sawasawa, kwa njia yake ya kujaribu moja baada ya nyingine ingebidi ifike zaidi ya bilioni 12 kabla ya kusema imemaliza jozi zote, na hapo ndo kwenye kipeuo cha pili. Siilaumu kwa kushindwa, namba kubwa kweli zinawashinda hata wenye mitambo, mpaka mwaka 2020 ndo ile namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ikavunjwa, na usalama wa mawasiliano mengi ya intaneti umeegemea ugumu huohuo. Nailaumu kwa kunyamaza.

Mwenye kompyuta ya Linux hana haja ya kuteseka, kuna amri inaitwa factor, unaandika factor 360 inakujibu 2 2 2 3 3 5. Haikupi jozi, inakupa vigawo tasa tu, jozi unazipanga mwenyewe, ila ile namba ya Cole inaivunja mara moja bila kubadilisha hata tarakimu moja.

Kitu ambacho natamani waongeze ni njia ya mwanahisabati Fermat, kwa namba witiri ambazo jozi yake iko karibu na katikati. Mfano 8051. Ukianza kujaribu kutoka 3 unachoka mpaka ufike 83. Kwa Fermat unaangalia mraba wa kwanza uliozidi 8051, 90 × 90 ni 8100, unatoa 8051 inabaki 49, na 49 ni 7 × 7, basi jozi ni 90 − 7 na 90 + 7, yaani 83 × 97. Hatua moja. Hiyo ndo ingestahili kukaa nyuma ya kitufe cha "Onyesha hatua".

Kwaiyo kama wewe unahitaji kuhakiki kazi ya namba za tarakimu nne tano, au uko kwenye x² na mabano, ipakue, washa safu ya jumla, andika namba bila mkato. Mwalimu anayetaka kuionyesha darasani asubiri kwanza. Wakifupisha zile hatua ziishie kwenye kipeuo cha pili na wakaweka onyo kwenye namba ndefu, nyota zao mbili ziko hapa, nitarudi kuziweka.